Pembe za Guangzhou, mifupa ya Manda

Mabaki ya kale yaliyofukuliwa kusini mwa China na katika visiwa vya Lamu yanasimulia habari mbili za bahari moja. Bidhaa za Afrika zilifika Guangzhou zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Lakini ni nani waliosafiri katika bahari hiyo, na ni nani waliobaki ugenini wakaoa na kuzaa? Swali hilo, ambalo kwa muda mrefu liliachiwa hadithi za wazee na ubishi wa wanasiasa, sasa linaanza kujibiwa na sayansi ya vinasaba.

Kaburi chini ya kilima

Mwezi Juni mwaka 1983, wafanyakazi waliokuwa wakisawazisha kilima cha Xianggang, katikati ya jiji la Guangzhou, ili kujenga nyumba za makazi, walikumbana na mawe makubwa yaliyopangwa kwa mkono wa binadamu. Chini ya mawe hayo palikuwa na kaburi lenye vyumba saba ambalo wezi hawakuwahi kuligusa. Muhuri wa dhahabu uliokutwa ndani yake ulimtaja mwenyewe: alikuwa Zhao Mo, mtawala wa pili wa Nanyue, dola iliyotawala Guangdong, Guangxi na kaskazini mwa Vietnam ya leo kwa karibu karne moja, hadi ilipoangushwa na majeshi ya ukoo wa Han mwaka 111 Kabla ya Kristo. Zhao Mo mwenyewe alikuwa amefariki kiasi cha mwaka 122 Kabla ya Kristo.

Alizikwa akiwa amevikwa vazi la vipande 2,291 vya jade, jiwe la thamani ambalo Wachina wa kale waliamini kuwa linauzuia mwili usioze. Imani hiyo haikusaidia. Udongo wa Guangzhou wenye unyevunyevu uliula karibu mwili wote, na ni vipande vichache tu vya mifupa na meno vilivyowawezesha wataalamu kukadiria kwamba mfalme huyo alikufa akiwa na umri wa kati ya miaka 35 na 45. Pamoja naye walizikwa watu 15 waliouawa ili wakamtumikie huko aendako: masuria wanne, walinzi, wapishi na mpiga ala za muziki.

Hata hivyo, kilichowashangaza zaidi watafiti kilikuwa ni baadhi ya mali alizozikwa nazo. Ndani ya kaburi hilo yalikutwa masalio ya ubani, pamoja na kijaluba cha fedha kilichofuliwa kwa mtindo wa Uajemi. Na pale palikuwa na rundo la pembe tano za ndovu, ndefu kuliko zote ikikaribia mita moja na robo. Ndovu walikuwapo kusini mwa China zama hizo, na pembe zao zilijulikana. Lakini wataalamu waliozichunguza pembe hizo, ukubwa wake na mkunjo wake, waliamua kwamba hazikuwa za ndovu wa Asia. Zilikuwa za ndovu wa Afrika.

Hakuna mwanahistoria makini anayedai kwamba baharia wa Afrika Mashariki alitia nanga Guangzhou wakati wa Zhao Mo. Pembe inaweza kusafiri bila ya mwindaji wake. Huuzwa bandari moja, ikanunuliwa na kuuzwa tena bandari nyingine, ikabadilisha mikono mara kumi kabla ya kufika mwisho wa safari. Ndiyo sababu vitu, hata vikiwa vya thamani kiasi gani, ni mashahidi wa biashara na si mashahidi wa watu. Ili kuwajua watu, hapana budi kuitazama mifupa yao.

Bandari iliyoitwa Khanfu

Miaka 900 baadaye, Guangzhou ilikuwa bandari kuu ya kigeni ya China. Waarabu waliiita Khanfu. Wafanyabiashara wa Siraf katika Ghuba ya Uajemi, wa Basra na wa Suhar katika Omani walifika huko kwa pepo za msimu, wakapewa mtaa wao wa kukaa, kadhi wao na msikiti wao. Mnara wa msikiti wa Huaisheng, wenye urefu wa mita 36, ungali umesimama katikati ya jiji hilo. Mapokeo ya Waislamu wa China yanasema msikiti huo ulijengwa na sahaba Saad bin Abi Waqqas. Wanahistoria wanayachukulia mapokeo hayo kuwa ni hekaya, lakini hawana shaka kwamba jumuiya ya Waislamu wa Guangzhou ni miongoni mwa zile za kale kabisa nchini China.

Mwaka 762 alishuka hapo Mchina mmoja aitwaye Du Huan. Alikuwa ametekwa na jeshi la Waarabu katika vita vya Talas mwaka 751, akaishi miaka kadhaa katika nchi za ukhalifa, na hatimaye akarudi kwao kwa jahazi la wafanyabiashara. Katika kumbukumbu zake, ambazo zimebaki vipande vipande tu, aliieleza nchi aliyoiita Molin, ambayo watu wake ni weusi. Wataalamu wengi wanaiweka nchi hiyo barani Afrika, ijapokuwa wanabishana juu ya mahali penyewe.

Upande wa pili wa bahari nao una ushahidi wake. Wanaakiolojia waliochimba Manda na Shanga katika funguvisiwa la Lamu, na Unguja Ukuu katika kisiwa cha Unguja, wamekuta vigae vya vyombo vya Kichina vya karne ya nane na ya tisa, vikiwemo vya mitungi mikubwa ya kuhifadhia bidhaa iliyochomwa katika tanuri za Guangdong. Mwaka 1945, huko Kajengwa karibu na Makunduchi, zilifukuliwa sarafu za Kichina zaidi ya 170, nyingi zikiwa za wakati wa ukoo wa Song. Na mwaka 1998 wapiga mbizi waliokuwa wakitafuta majongoo ya bahari karibu na kisiwa cha Belitung, Indonesia, walikuta jahazi la karne ya tisa lililoshonwa kwa kamba bila ya misumari, kama yalivyoshonwa majahazi ya Uarabuni na mitepe ya Waswahili. Ndani yake mlikuwa na makumi ya maelfu ya bakuli za Kichina. Sehemu ya mbao zake zilitambuliwa kuwa za mti wa jamii ya mbambakofi kutoka Afrika.

Msafiri na mwanachuoni Al-Masudi, aliyefika katika nchi ya Zanj kwa mara ya mwisho mwaka 916, aliieleza njia ya biashara hiyo kwa ufasaha. Aliandika kwamba pembe za nchi ya Zanj hupelekwa Omani, na kutoka huko huenda China na Bara Hindi, ambako wakubwa wa Kichina huzitumia kupambia machela wanayobebwa. Lau isingalikuwa hivyo, alisema, pembe zingejaa tele katika nchi za Waislamu.

Watu wasio na majina

Kumbukumbu za ukoo wa Song zinataja ujumbe uliofika China mwaka 1071, na kwa mara ya pili mwaka 1083, kutoka nchi iliyoitwa Cengtan. Safari yake ilipitia Omani, kusini mwa Bara Hindi na Sumatra kabla ya kufika Guangzhou. Mfalme wa China aliupokea kwa heshima, na mjumbe aliporudi mara ya pili aliongezewa zawadi ya fedha kwa kuwa alitoka mbali mno. Wapo wataalamu wanaolisoma jina Cengtan kuwa ni Zanj, yaani pwani ya Afrika Mashariki. Wengine wanaona kuwa ni dola ya Waseljuki, ambayo watawala wake walijiita masultani. Ubishi huo haujamalizika.

Si wote waliofika Guangzhou kwa heshima ya mabalozi. Mwandishi Zhu Yu, ambaye baba yake alikuwa ofisa wa serikali katika jiji hilo, alimaliza mwaka 1119 kitabu ambamo alieleza jinsi matajiri wa Guangzhou walivyofuga watumwa weusi wenye nguvu nyingi. Anasimulia kwamba watumwa hao, walipopewa kwa mara ya kwanza vyakula vilivyopikwa kwa moto, waliharisha kwa siku kadhaa, na baadhi yao walikufa. Waliosalimika walifugwa. Baada ya muda mrefu walielewa lugha ya wenyeji, lakini, anasema mwandishi huyo, hawakuweza kuisema.

Maelezo hayo ni ya mtu aliyewatazama watumwa kama watazamwavyo wanyama, na msomaji wa leo hana budi kuyapokea kwa tahadhari. Watu waliochukuliwa mbali na kwao, wakala chakula kigeni na kunywa maji machafu ya bandari, wangeharisha tu, hata kama kwao walizaliwa jikoni. Wachina waliwaita kwa jina la Kunlun, neno lililotumiwa kwa watu wengi wa visiwa vya Asia ya Kusini-Mashariki na, baadaye, hata kwa watu wa Afrika. Kwa hiyo wamo kati yao waliotoka Java au Sumatra, na yumkini wamo waliotoka katika mwambao wa Zanj. Zhu Yu hakuandika jina la hata mmoja wao. Hapo ndipo maandishi yanapofikia mwisho wa uwezo wake: mwenye kalamu huandika anayoyaona kuwa na maana kwake, na mtumwa hakuwa na kalamu.

Mifupa inavyozungumza

Sayansi ya vinasaba vya kale imefungua mlango ambao hapo awali haukuwapo. Karibu kila chembe hai ya mwili wa binadamu hubeba DNA, maandishi ya urithi anayoyapata mtu kutoka kwa wazazi wake. Mtu akifa, maandishi hayo huanza kukatikakatika. Joto na unyevu huongeza kasi ya uharibifu huo, na ndiyo maana kwa miaka mingi mafanikio makubwa yalipatikana katika nchi za baridi, huku mifupa ya ukanda wa joto ikishindwa kutoa habari. Hali ilibadilika watafiti walipogundua kwamba mfupa mgumu unaolizunguka sikio la ndani huhifadhi DNA vizuri kuliko sehemu nyingine za mwili.

Kutokana na unga kidogo wa mfupa huo, mtaalamu anaweza kusoma mambo matatu. La kwanza ni nasaba ya mtu kwa jumla, yaani mababu zake walitoka sehemu zipi za dunia. La pili ni urithi unaopitia kwa akina mama pekee, kutoka kwa bibi hadi mama hadi mtoto. La tatu ni urithi unaopitia kwa wanaume pekee, kutoka kwa babu hadi baba hadi mwana. Hayo mawili ya mwisho yakitofautiana, ndipo inapojulikana nani alikuwa mwenyeji katika ndoa na nani alikuwa mgeni.

Mwezi Machi mwaka 2023, jarida la kisayansi la Nature lilichapisha matokeo ya uchunguzi wa watu 80 wa kale wa mwambao. Wengi wao walizikwa kati ya mwaka 1250 na 1800 katika miji sita: Mtwapa, Faza na Manda nchini Kenya, na Kilwa, Songo Mnara na Lindi nchini Tanzania. Wengine walitoka Makwasinyi, kiasi cha kilomita 100 kutoka baharini. Miongoni mwa waliouongoza uchunguzi huo walikuwamo mwanaakiolojia mzaliwa wa Kenya, Chapurukha Kusimba, na mtaalamu wa vinasaba David Reich wa Chuo Kikuu cha Harvard. Makaburi ya Waislamu si mahali pa kuchokorewa ovyo, na kwa ajili hiyo ridhaa ya wazee wa maeneo hayo ilitafutwa kwanza.

Matokeo yalikuwa wazi kuliko ilivyotarajiwa. Katika watu wengi wa miji hiyo, urithi wa upande wa mama ulikuwa wa Kiafrika karibu wote, ilhali urithi wa upande wa baba ulikuwa kwa sehemu kubwa wa Asia. Sehemu iliyo kubwa kabisa ya nasaba hiyo ya Asia, kiasi cha asilimia 80 hadi 90, ilifanana na ya watu wa Uajemi, na iliyobaki ilitoka Bara Hindi. Kwa kupima urefu wa vipande vya urithi vilivyochanganyika, watafiti waliweza hata kukadiria wakati: uchanganyiko huo ulianza kiasi cha mwaka 1000. Baada ya mwaka 1500, nasaba ya Uarabuni ndiyo iliyozidi kuongezeka. Huko Makwasinyi, nasaba ya Asia ilikuwa haba sana.

Ubishi wa miaka mia

Ili kuuelewa uzito wa matokeo hayo, inafaa kukumbuka ubishi uliyatangulia. Tarikhi ya Kilwa, pamoja na masimulizi ya wazee wa miji mingi ya mwambao, husema kwamba watawala wa kwanza walikuwa wana wa mfalme wa Shirazi waliovuka bahari kwa majahazi saba. Waandishi wa enzi ya ukoloni waliyashika masimulizi hayo kwa mikono miwili, kwa sababu yaliafikiana na dhana yao kwamba Mwafrika hangeweza kujenga mji wa mawe. Hata wanaakiolojia waliotangulia kuchimba magofu hayo waliiona miji hiyo kuwa ni makoloni ya watu wa Asia.

Baada ya uhuru mizani ilielemea upande mwingine. Wataalamu, wakiwemo Derek Nurse na Thomas Spear katika kitabu chao cha mwaka 1985, walionyesha kwamba Kiswahili ni lugha ya Kibantu katika mzizi na katika sarufi yake, na kwamba utamaduni wa mwambao ulichipuka Afrika. Uchimbaji wa Shanga ulionyesha kijiji kilichokua hatua kwa hatua tangu karne ya nane, kutoka nyumba za udongo na miti hadi nyumba za matumbawe, bila ya dalili ya wavamizi. Wengi wakahitimisha kwamba nasaba ya Shirazi ilikuwa ni dai la wakubwa waliotaka kujipa hadhi tu. Huko Zanzibar swali hilo halikuishia vitabuni. Jina la Shirazi liliingia katika majina ya vyama vya siasa, na katika miaka ya kabla na baada ya mapinduzi ya mwaka 1964 swali la nani ni mwenyeji na nani ni mgeni liligharimu maisha ya watu.

Mifupa haikumpa ushindi kamili mbishi yeyote kati ya hao. Wazee waliosema kwamba walikuwapo mababu kutoka Uajemi hawakuzua. Lakini miji ilikwishaanza kabla ya uchanganyiko huo kuenea. Lugha iliyosemwa ndani ya nyumba, mapishi ya jikoni na mpangilio wa ukoo vilibaki vya Kiafrika. Wageni hao hawakuja na wake zao. Walikuja na bidhaa na dini, wakaoa katika koo za wenyeji, na watoto wao wakalelewa na mama, bibi na wajomba kwa lugha ya mwambao. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika miji hiyo mwenyeji alipona, na mgeni naye akawa mwenyeji.

Je, Wachina nao?

Swali linalobaki ni juu ya watu wa China wenyewe. Huko Siyu, katika kisiwa cha Pate, ipo hadithi ya siku nyingi kwamba chombo cha Wachina kilivunjika mwambani, mabaharia wakaogelea hadi Shanga, wakasilimu na kuoa. Hadithi hiyo hufungamanishwa na misafara ya amiri Zheng He, aliyeongoza merikebu kubwa za China katika Bahari ya Hindi kati ya mwaka 1405 na 1433. Ni kweli kwamba mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walifika katika ufalme wa China na twiga. Mwaka 2005 msichana mmoja wa kisiwa cha Pate, ambaye familia yake inadai nasaba hiyo, alipewa nafasi ya masomo nchini China na kupokewa kwa shangwe.

Mwaka 2013 watafiti wa Marekani walitangaza kwamba katika kisiwa cha Manda wamepata sarafu iliyotolewa wakati wa mfalme Yongle, yule yule aliyemtuma Zheng He. Na mwaka 2017 vyombo vya habari vya China viliripoti kwamba wanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Sun Yat-sen, kilichoko Guangzhou, walioshiriki katika uchimbaji wa Manda, wameitambua mifupa ya watu watatu kuwa na nasaba ya Kichina. Habari hiyo ilishangiliwa, hasa wakati ambapo Kenya na China zilikuwa zikizindua reli mpya kati ya Mombasa na Nairobi.

Hata hivyo, ripoti ya gazeti si sawa na uchunguzi uliochapishwa na kupimwa na wataalamu wengine. Uchunguzi mkubwa wa mwaka 2023, ambao ulihusisha pia makaburi ya Manda, uliieleza nasaba ya Asia ya watu wa mwambao kwa Uajemi, Bara Hindi na Uarabuni. China haimo katika maelezo hayo makuu. Mambo hayo mawili hayapingani moja kwa moja. Mabaharia watatu, au hata 20, wanaweza kufika, kuishi na kufa mahali bila ya kuacha alama inayoonekana katika vinasaba vya umma mzima. Lakini yanatoa onyo. Vigae na sarafu za China zimetapakaa kila mahali katika mwambao, kiasi kwamba mtu anayehesabu vyombo peke yake angedhani nusu ya Waswahili ni wajukuu wa Wachina. Kumbe bakuli la China lilifika kama zilivyofika pembe za ndovu katika kaburi la Zhao Mo: mikononi mwa mtu wa kati, yule baharia wa Ghuba aliyenunua huku na kuuza kule. Na ni baharia huyo, si mfinyanzi wa Guangdong, aliyeacha watoto Faza na Mtwapa.

Kinachobaki

Makumbusho ya kaburi la mfalme wa Nanyue, yaliyofunguliwa mwaka 1988, yako katika wilaya ya Yuexiu. Katika wilaya hiyo hiyo upo mtaa wa Xiaobei, ambao tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 umekuwa kituo cha wafanyabiashara wa Kiafrika wanaonunua nguo, viatu, simu na vipuri vya kupeleka Kariakoo, Kampala, Nairobi na Lubumbashi. Baadhi yao walikaa, wakafungua ofisi za kusafirisha mizigo, wakaoa wanawake wa Kichina, na watoto wao wanasema Kichina kwa ufasaha kuliko lugha za baba zao.

Bandari ni ile ile, na desturi zake, njema na mbaya, ni za kale. Mwaka 879, waasi wa Huang Chao walipoiteka Guangzhou, waliwaua wageni wengi mno. Mwandishi Abu Zayd wa Siraf alitaja watu 120,000, Waislamu, Wayahudi, Wakristo na Wamajusi, idadi ambayo wanahistoria wanaiona kuwa imetiwa chumvi, ingawa mauaji yenyewe hayana shaka. Mwezi Aprili mwaka 2020, wakati wa janga la korona, hayakuwapo mauaji, lakini Waafrika wengi wa jiji hilo walitolewa katika nyumba na hoteli walimopanga, hata mabalozi wa nchi za Afrika mjini Beijing wakaandika barua ya malalamiko. Mgeni wa bandarini hukaribishwa kwa sababu ya biashara, na siku ya shida huwa wa kwanza kutazamwa kwa jicho baya.

Ila kinachobaki baada ya karne nyingi si bidhaa peke yake wala si chuki peke yake. Watafiti wa miaka elfu ijayo, wakichimba Guangzhou, huenda wakakuta katika mifupa ya watu wa karne hii hali iliyogeuka ya ile ya Mtwapa: urithi wa mama wa nchi ya China, na urithi wa baba wa nchi ya mbali ya Afrika. Watajua kutokana na hilo kwamba wanaume walivuka bahari kwa ajili ya biashara na kwamba wanawake wa nchi waliwapokea. Lugha gani ilisemwa mezani, na mtoto aliitwaje, mfupa hautawaambia. Hayo hubaki katika vinywa vya watu, na ndiyo maana wazee wa Lamu na Kilwa, waliohifadhi tarikhi ya mababu zao huku wakidharauliwa na wasomi, wanastahili kusikilizwa sambamba na maabara.